Mada ya 9: Kusasisha Rekodi za Kanzidata kwa Modeli za Objekti katika Programu ya Wavuti

Utangulizi

Mtahiniwa, katika mada iliyotangulia ulijifunza kuunda jedwali la kanzidata na kuingiza rekodi mpya. Mada hii inahusu kazi nyingine: kubadili rekodi ambayo tayari ipo. Alama iliyoingizwa kimakosa inasahihishwa, salio la akaunti linaongezeka, mwanafunzi anahama mkondo. Kazi hizi zote huitwa kusasisha rekodi.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari lenyewe ni kanzidata, na lisiposasishwa kwa utaratibu, mali hupotea hata kama daftari lipo. Utaona katika mada hii jinsi alama ya mtahiniwa inavyoweza kurudi kutoka A hadi F bila kompyuta kutoa onyo lolote, na jinsi ya kuzuia jambo hilo.

Shika sentensi moja tangu sasa, kwa sababu majibu ya maswali mengi ya mada hii yanatoka humo: objekti ni nakala, rekodi ndiyo asili. Ukibadili nakala, asili haibadiliki mpaka uhifadhi. Na ukihifadhi nakala iliyopitwa na wakati, unaweza kufuta kazi ya mwenzako.

Malengo ya mada

Ukimaliza kusoma mada hii uweze:

1. Kueleza uhusiano kati ya jedwali, rekodi, modeli na objekti.
2. Kutaja na kufafanua hatua nne za kusasisha rekodi kupitia objekti.
3. Kuandika amri ya SQL inayolingana na sasisho lililofanywa kupitia objekti.
4. Kueleza tatizo la sasisho lililopotea na kulionyesha kwa hesabu.
5. Kupendekeza njia sahihi ya kuzuia tatizo hilo kulingana na hali iliyotolewa.

9.1 Maneno muhimu

*Kanzidata* ni mkusanyiko wa data uliopangwa ili iwe rahisi kuhifadhi, kutafuta na kubadili data hizo. Kanzidata za majedwali zinatokana na kazi ya Edgar Codd, mtafiti wa kampuni ya IBM, aliyechapisha makala yake maarufu mwaka 1970.

*Rekodi* ni mstari mmoja wa jedwali. Hubeba taarifa za mtu mmoja au kitu kimoja.

*Uga* ni safu wima moja ya jedwali, kwa mfano jina au alama ya Hisabati.

*Ufunguo msingi* ni uga ambao thamani yake haijirudii katika jedwali. Hutumika kutambua rekodi moja tu.

*Modeli* ni maelezo, ndani ya programu, ya jinsi rekodi za jedwali fulani zilivyo: zina nyuga gani, na kila uga unapokea data za aina gani.

*Objekti* ni mfano mmoja wa modeli uliomo kwenye kumbukumbu ya kompyuta wakati programu inafanya kazi. Objekti moja huwakilisha rekodi moja.

*ORM* ni sehemu ya programu inayotafsiri kazi zinazofanywa kwa objekti kuwa amri za SQL, na kuyageuza majibu ya kanzidata kuwa objekti. Ni mkalimani kati ya pande mbili zisizozungumza lugha moja.

9.2 Kutoka jedwali hadi objekti

Tutatumia jedwali moja katika sehemu kubwa ya mada. Data zake ni za kujifunzia tu.

Jedwali: mwanafunzi

| id | jina | mkondo | hisabati | fizikia |
|----|------|--------|----------|---------|
| 26 | Asha | 4A | 71 | 64 |
| 27 | Neema | 4A | 28 | 50 |
| 28 | Juma | 4B | 58 | 62 |
| 29 | Neema | 4B | 66 | 77 |

Uga wa id ndio ufunguo msingi. Angalia kwamba akina Neema ni wawili. Jina halitoshi kumtambua mwanafunzi, ila namba 27 haina mwenziwe.

Tuseme mwalimu wa Hisabati amegundua kwamba Neema wa 4A alipata 82, lakini tarakimu ziligeuzwa wakati wa kuingiza, ikaandikwa 28. Kwa viwango vya madaraja vya Kidato cha Nne Tanzania, alama 75 hadi 100 ni A na alama 0 hadi 29 ni F. Kosa la tarakimu mbili limempeleka mwanafunzi kutoka daraja la juu kabisa hadi la chini kabisa. Lazima rekodi isasishwe.

Mifano yetu imeandikwa kwa Django, mfumo wa kujengea programu za wavuti kwa lugha ya Python. Django ilianzia katika chumba cha habari cha gazeti moja la mji wa Lawrence, jimbo la Kansas, Marekani, na ikatolewa kwa umma mwaka 2005. Mifumo mingine, kama Rails na Laravel, hutumia maneno tofauti lakini wazo ni lile lile.

Modeli ya jedwali letu ni hii:

```
class Mwanafunzi(models.Model):
    jina = models.CharField(max_length=60)
    mkondo = models.CharField(max_length=2)
    hisabati = models.IntegerField(
        validators=[MinValueValidator(0), MaxValueValidator(100)])
    fizikia = models.IntegerField(
        validators=[MinValueValidator(0), MaxValueValidator(100)])
```

Modeli inasema kwamba jina ni maandishi yasiyozidi herufi 60, mkondo ni herufi zisizozidi 2, na kila alama ni namba kamili kati ya 0 na 100. Uga wa id haukuandikwa kwa sababu Django huuongeza yenyewe.

9.3 Hatua nne za kusasisha rekodi

Kumbuka hatua hizi kwa maneno manne: chukua, badili, hakiki, hifadhi.

```
m = Mwanafunzi.objects.get(pk=27)    # 1. chukua
m.hisabati = 82                      # 2. badili
m.full_clean()                       # 3. hakiki
m.save()                             # 4. hifadhi
```

*Hatua ya 1: Chukua.* Programu inaomba rekodi kwa ufunguo msingi wake. ORM inatuma amri hii kwenye kanzidata:

```
SELECT id, jina, mkondo, hisabati, fizikia
FROM mwanafunzi WHERE id = 27;
```

Majibu yanageuzwa kuwa objekti inayoitwa m. Kuanzia hapa kuna Neema wawili wa namba 27: rekodi iliyomo kwenye kanzidata, na nakala yake kwenye kumbukumbu ya seva.

*Hatua ya 2: Badili.* Uga wa hisabati wa objekti unapewa thamani 82. Hakuna amri yoyote ya SQL iliyotumwa katika hatua hii. Umeme ukikatika sasa, kanzidata itabaki na 28.

*Hatua ya 3: Hakiki.* Programu inapima kama thamani mpya inakubalika. Kama mwalimu ameandika 820 badala ya 82, uhakiki utaikataa kwa kuwa imezidi 100, na kazi itaishia hapo.

*Hatua ya 4: Hifadhi.* ORM inatuma amri ya kusasisha:

```
UPDATE mwanafunzi
SET jina = 'Neema', mkondo = '4A', hisabati = 82, fizikia = 50
WHERE id = 27;
```

Soma amri hiyo tena kwa makini. Mwalimu alibadili uga mmoja tu, lakini ORM imeandika nyuga zote upya, hata zile ambazo hazikuguswa. Hiyo ndiyo tabia ya kawaida ya save() katika Django, na ndiyo mlango wa tatizo tutakaloliona katika sehemu ya 9.5.

Jedwali lifuatalo linaonyesha thamani ya uga wa hisabati baada ya kila hatua. Mtihani ukikuambia "fuatilia thamani", chora jedwali la namna hii.

| Baada ya hatua | Kwenye objekti | Kwenye kanzidata |
|----------------|----------------|------------------|
| Chukua | 28 | 28 |
| Badili | 82 | 28 |
| Hakiki | 82 | 28 |
| Hifadhi | 82 | 82 |

9.4 Makosa ambayo mtahiniwa anapaswa kuyaepuka

*(a) Kusahau kuhifadhi.* Bila m.save(), mabadiliko hupotea programu inapomaliza kulijibu ombi la kivinjari. Swali likisema "mwalimu alibadili alama, lakini alipofungua ukurasa upya aliona alama ya zamani", sababu ya kwanza ya kufikiria ni hii.

*(b) Kutafuta rekodi kwa jina.* Ukiandika Mwanafunzi.objects.get(jina="Neema"), Django itatoa kosa kwa sababu imepata rekodi mbili badala ya moja. Hilo ni afadhali. Hatari kubwa zaidi ni amri hii:

```
UPDATE mwanafunzi SET hisabati = 82 WHERE jina = 'Neema';
```

Hii haitoi kosa. Inampa alama 82 hata Neema wa 4B, ambaye alama yake halali ni 66.

*(c) Kuacha sharti kabisa.* Amri `UPDATE mwanafunzi SET hisabati = 82;` haina WHERE, kwa hiyo inabadili rekodi zote za jedwali. Kwa upande wa objekti, kosa hilo hilo huandikwa `Mwanafunzi.objects.update(hisabati=82)`. Shule nzima inapata 82.

*(d) Kudhani kwamba save() hufanya uhakiki.* Katika Django, save() peke yake haipimi masharti uliyoyaweka kwenye validators. Ni lazima uite full_clean(), au utumie fomu ya modeli ambayo hufanya uhakiki kabla ya kuhifadhi.

*(e) Kuunda objekti mpya badala ya kuchukua iliyopo.* Ukiandika Mwanafunzi(jina="Neema", mkondo="4A", hisabati=82, fizikia=50) kisha ukahifadhi, objekti hiyo haina ufunguo msingi. ORM itaielewa kuwa ni rekodi mpya na kutuma INSERT, siyo UPDATE. Sasa kuna akina Neema watatu, na yule wa namba 27 bado ana 28.

*(f) Kutokukagua haki ya mtumiaji.* Katika programu ya wavuti, namba ya rekodi mara nyingi huonekana kwenye anwani ya ukurasa. Mtu anaweza kubadili 27 kuwa 28 kwa mkono wake. Kwa hiyo kabla ya hatua ya 1, seva ikague mambo mawili: kama mtumiaji ameingia kwa nywila yake, na kama anaruhusiwa kusasisha rekodi hiyo. Vilevile, ombi la kusasisha litumwe kwa njia ya POST. Njia ya GET ni ya kusoma tu.

9.5 Watu wawili wakisasisha rekodi moja

Hapa ndipo penye uzito wa mada. Programu ya wavuti hutumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja, na kila mmoja hupewa nakala yake.

Tuseme shule ina fomu moja ya kusahihisha alama, yenye nyuga zote mbili: hisabati na fizikia. Fuata matukio haya ya asubuhi moja, kabla Neema namba 27 hajasahihishiwa alama.

| Saa | Tukio | hisabati kwenye kanzidata | fizikia kwenye kanzidata |
|-----|-------|------|------|
| 4:00 | Mwalimu wa Fizikia anafungua fomu. Anaona 28 na 50. | 28 | 50 |
| 4:02 | Mwalimu wa Hisabati anafungua fomu. Anaona 28 na 50. | 28 | 50 |
| 4:05 | Mwalimu wa Hisabati anabadili 28 kuwa 82, anatuma. | 82 | 50 |
| 4:10 | Mwalimu wa Fizikia anabadili 50 kuwa 55, anatuma. | 28 | 55 |

Tazama mstari wa mwisho. Fomu ya mwalimu wa Fizikia ilifunguliwa saa 4:00, hivyo ndani yake uga wa hisabati bado ulikuwa 28. Alipotuma, fomu ilipeleka nyuga zote mbili, na 28 ikaandikwa juu ya 82. Neema amerudi kwenye F.

Hakuna mwalimu aliyekosea kazi yake. Kila mmoja alibadili alama ya somo lake tu. Uhakiki nao ulipita, kwa kuwa 28 ni namba halali kati ya 0 na 100. Mwalimu wa Hisabati aliona ujumbe wa "Imehifadhiwa", akaenda darasani akiamini kazi imekwisha. Tatizo hili huitwa sasisho lililopotea, na ubaya wake ni kwamba hutokea kimya kimya.

Mfano wa pili ni wa fedha. Akaunti namba 12 ya chama cha akiba na mikopo ina salio la shilingi 100,000. Wakati mmoja, karani A anaweka shilingi 20,000 na karani B anaweka shilingi 30,000. Programu imeandikwa hivi:

```
a = Akaunti.objects.get(pk=12)
a.salio = a.salio + 20000
a.save()
```

Kwa karani B ni hivyo hivyo, ila kwa 30000. Ikiwa wote wawili wamechukua nakala kabla ya yeyote kuhifadhi:

- Objekti ya A: 100,000 + 20,000 = 120,000
- Objekti ya B: 100,000 + 30,000 = 130,000

A akihifadhi kwanza na B akafuata, salio la mwisho ni 130,000. Salio sahihi ni 100,000 + 20,000 + 30,000 = 150,000. Mwanachama amepoteza shilingi 20,000, na stakabadhi anayo mkononi.

9.6 Njia za kuzuia sasisho lililopotea

*Njia ya kwanza: hifadhi uga uliobadilika tu.* Fomu ya mwalimu wa Fizikia iwe na uga wa fizikia peke yake, na uhifadhi utaje uga huo:

```
m.fizikia = 55
m.save(update_fields=["fizikia"])
```

Amri inayotumwa sasa ni:

```
UPDATE mwanafunzi SET fizikia = 55 WHERE id = 27;
```

Uga wa hisabati haukuguswa, kwa hiyo 82 inabaki salama. Njia hii inafaa pale watumiaji wanapobadili nyuga tofauti za rekodi moja. Haisaidii wakibadili uga ule ule.

*Njia ya pili: iachie kanzidata hesabu.* Badala ya programu kusoma salio, kujumlisha, kisha kuandika jibu, iambie kanzidata iongeze yenyewe:

```
Akaunti.objects.filter(pk=12).update(salio=F("salio") + 20000)
```

ORM hutuma:

```
UPDATE akaunti SET salio = salio + 20000 WHERE id = 12;
```

Hapa programu haikuchukua nakala ya salio. Kanzidata hutekeleza sasisho la rekodi moja kwa zamu, hivyo 100,000 inakuwa 120,000, kisha 150,000. Njia hii inafaa kwa kuongeza na kupunguza: salio, idadi ya bidhaa dukani, idadi ya nakala za kitabu maktabani.

*Njia ya tatu: namba ya toleo.* Jedwali linaongezewa uga uitwao toleo. Kila rekodi inaposasishwa, namba ya toleo inaongezeka kwa 1. Fomu nayo hubeba toleo lililokuwapo ilipofunguliwa. Tuseme walimu wote wawili walifungua fomu rekodi ikiwa toleo la 4. Mwalimu wa Hisabati alipotuma, toleo likawa la 5. Mwalimu wa Fizikia anapotuma, seva inafanya hivi:

```
idadi = Mwanafunzi.objects.filter(pk=27, toleo=4).update(
    hisabati=28, fizikia=55, toleo=5)
```

Amri inatafuta rekodi namba 27 yenye toleo la 4. Haipo tena, kwa sababu sasa ni la 5. Kwa hiyo idadi ya rekodi zilizosasishwa ni 0. Programu ikiona 0, inamwonyesha mwalimu ujumbe: "Rekodi hii imebadilishwa na mtu mwingine. Ifungue upya kabla ya kuhifadhi." Anafungua, anaona 82, anaandika 55 yake, na alama zote mbili zinabaki. Njia hii inafaa kwa fomu ambazo mtu hukaa nazo kwa muda mrefu.

*Njia ya nne: kufuli ndani ya muamala.* Muamala ni kundi la amri ambazo ama zote hutekelezwa, ama hakuna hata moja. Ndani ya muamala, programu inaweza kuifunga rekodi ili mwingine anayetaka kuifunga au kuisasisha asubiri:

```
with transaction.atomic():
    a = Akaunti.objects.select_for_update().get(pk=12)
    if a.salio >= 15000:
        a.salio = a.salio - 15000
        a.save()
```

Njia hii hutumika katika kanzidata kama PostgreSQL na MySQL. Inafaa pale uamuzi unapotegemea thamani iliyopo, kwa mfano kuhakikisha salio linatosha kabla ya kutoa fedha. Kasoro yake ni kwamba wengine wanangoja, kwa hiyo kufuli lisishikiliwe muda mrefu.

Angalizo: Usiandike kwenye mtihani kwamba njia moja ni bora kuliko zote. Soma hali iliyotolewa, taja njia inayoifaa, kisha utoe sababu. Sababu ndiyo inayoonyesha kwamba umeelewa.

9.7 Kusasisha rekodi nyingi kwa pamoja

Tuseme wanafunzi 40 wa 4B wanahamishiwa 4A. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuchukua objekti zote, kuzipitia moja moja na kuhifadhi kila moja. Hapo zinatumwa amri 1 ya SELECT na amri 40 za UPDATE, jumla 41. Ya pili ni hii:

```
Mwanafunzi.objects.filter(mkondo="4B").update(mkondo="4A")
```

Hapa inatumwa amri 1 tu:

```
UPDATE mwanafunzi SET mkondo = '4A' WHERE mkondo = '4B';
```

Njia ya pili ni ya haraka zaidi. Lakini zingatia kwamba update() haiiti save() wala full_clean() ya kila objekti. Ukikosea sharti ndani ya filter(), au ukaweka thamani isiyofaa, hakuna uhakiki wa modeli utakaokuzuia. Mazoea mema ni kuhesabu kwanza kwa count(). Ukipata 40 kama ulivyotarajia, endelea. Ukipata 400, simama.

9.8 Swali la mfano na jibu lake

*Swali.* Duka la shule linatumia programu ya wavuti. Rekodi ya madaftari, yenye id 5, ina idadi ya 40. Wauzaji wawili wanauza kwa wakati mmoja: wa kwanza madaftari 3, wa pili madaftari 5. Programu huchukua objekti, hupunguza idadi, kisha huhifadhi.

(a) Idadi sahihi baada ya mauzo yote mawili ni ngapi? (alama 1)
(b) Ikiwa wote walichukua objekti kabla ya yeyote kuhifadhi, na muuzaji wa kwanza ndiye aliyehifadhi mwisho, kanzidata itaonyesha idadi gani? Onyesha hesabu. (alama 3)
(c) Tatizo hili linaitwaje? (alama 1)
(d) Andika amri ya SQL ambayo muuzaji wa pili angetumia kuzuia tatizo hili, na ueleze kwa nini inafaa. (alama 5)

*Jibu.*

(a) 40 − 3 − 5 = 32.

(b) Objekti ya muuzaji wa kwanza: 40 − 3 = 37. Objekti ya muuzaji wa pili: 40 − 5 = 35. Wa pili alihifadhi 35, kisha wa kwanza akaandika 37 juu yake. Kanzidata itaonyesha 37.

(c) Sasisho lililopotea.

(d) `UPDATE bidhaa SET idadi = idadi - 5 WHERE id = 5;`
Inafaa kwa sababu hesabu inafanyika ndani ya kanzidata, kwa kutumia idadi iliyopo wakati huo huo, siyo nakala iliyochukuliwa mapema. Sharti la WHERE linahakikisha ni rekodi ya madaftari pekee inayobadilika.

*Maelezo kwa mtahiniwa.* Katika (b), usiruke moja kwa moja kwenye 37. Onyesha objekti zote mbili, kisha utaje nani alihifadhi mwisho. Katika (d), amri isiyo na WHERE ni kosa kubwa, kwani inapunguza 5 kwenye kila bidhaa ya duka.

Muhtasari

- Objekti ni nakala iliyomo kwenye kumbukumbu. Rekodi ni asili iliyomo kwenye kanzidata.
- Hatua za kusasisha ni chukua, badili, hakiki, hifadhi.
- Rekodi hutambuliwa kwa ufunguo msingi, siyo kwa jina.
- Katika Django, save() huandika nyuga zote isipokuwa ukitaja update_fields.
- Sasisho lililopotea hutokea nakala ya zamani inapoandikwa juu ya mabadiliko mapya.
- Tatizo huzuiwa kwa kuhifadhi uga uliobadilika tu, kuiachia kanzidata hesabu, namba ya toleo, au kufuli ndani ya muamala.
- Sasisho la rekodi nyingi kwa update() ni la haraka, lakini halipitii uhakiki wa modeli.

Maswali ya marudio

1. Tofautisha kati ya modeli na objekti.
2. Mwalimu ameandika m.fizikia = 90 lakini hakuita save(). Thamani ya fizikia ni ipi kwenye objekti, na ipi kwenye kanzidata, ikiwa ya awali ilikuwa 62?
3. Andika amri ya SQL inayombadilishia Juma, id 28, alama ya Hisabati kutoka 58 kuwa 85.
4. Eleza kwa nini uhakiki wa alama kati ya 0 na 100 hauwezi kuzuia sasisho lililopotea.
5. Karani wa maktaba na msaidizi wake wote hufungua fomu ndefu ya maelezo ya kitabu kimoja na kubadili maelezo yale yale. Pendekeza njia ya kuzuia sasisho lililopotea na utoe sababu.
6. Chama cha akiba kinahamisha shilingi 15,000 kutoka akaunti 12 kwenda akaunti 19. Eleza kwa nini masasisho hayo mawili yawekwe ndani ya muamala mmoja.

Majibu ya baadhi ya maswali

Swali la 2: Kwenye objekti ni 90, kwenye kanzidata ni 62.

Swali la 3: `UPDATE mwanafunzi SET hisabati = 85 WHERE id = 28;`

Swali la 4: Thamani ya zamani inayorudishwa nayo ni halali, iko kati ya 0 na 100. Uhakiki hupima kama thamani inakubalika, haupimi kama imepitwa na wakati.

Swali la 6: Umeme au mtandao ukikatika baada ya kupunguza akaunti 12 na kabla ya kuongeza akaunti 19, shilingi 15,000 zitakuwa zimetoka bila kufika popote. Ndani ya muamala, sasisho la kwanza litafutwa na fedha zitabaki akaunti 12.

Maswali ya 1 na 5 yajibu mwenyewe kwa kurejea sehemu za 9.1 na 9.6, kisha badilishana daftari na mwenzako msahihishane.